Sauti Inapotakata

Zumari alishika maikrofoni kwa mikono miwili. Ubeti wa pili ulikuwa unakaribia, na ndani yake mlikuwa na ile noti ya juu ambayo mashabiki hupiga vigelegele wakiisikia, ile iliyompa jina la Zumari tangu siku ya kwanza alipopanda jukwaani. Zamani aliingoja kwa hamu. Siku hizi aliiogopa kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha daktari wa meno akisubiri koleo.

Chumba chao cha mazoezi kilikuwa nyuma ya karakana ya seremala. Kuta zilibandikwa trei za mayai ili kelele zisitoke nje, na dirisha pekee lilizibwa kwa godoro kuukuu, kwa hiyo hata mchana wa jua kali ndani mlikuwa na kiza na harufu ya vumbi la mbao. Kulia alisimama kaka yake na gitaa la besi. Huyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Pale kila mtu alimwita Kaka, hata mpiga ngoma ambaye alimzidi umri. Kushoto alisimama mpiga gitaa waliyempa jina la Kimya, kwa kuwa aliweza kuanza mazoezi na kuyamaliza bila kutamka zaidi ya "haya" na "tena".

Nyuma ya Kimya ilikaa amplifaya yake, sanduku kubwa jeusi la zamani. Ilikuwa ya valvu, zile chupa ndogo za kioo za redio za kale, na ukichungulia kwa nyuma uliziona zikiwaka rangi ya chungwa kama makaa. Ikifunguliwa sauti sana ilinguruma mpaka kifua kinatikisika. Kaka aliipenda ikinguruma. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiipandisha kabla ya mazoezi, na hakutaka mtu mwingine aiguse.

Ubeti ukafika. Zumari akavuta pumzi, na kabla hajafungua kinywa, mngurumo ukaondoka. Gitaa halikunyamaza, wala halikufifia sana. Lilitakata tu, kila uzi ukasikika peke yake, safi, kama maji yaliyotulia baada ya kuchafuliwa. Katika nafasi hiyo akaimba. Noti ya juu ikatoka, nyembamba, na mkwaruzo wake pembeni, lakini ikatoka.

"Simameni," alisema Kaka.

Ngoma zikakatika. Zumari akageukia ukutani na kumeza mate. Koo lilimchoma kama aliyemeza mchanga.

"Gitaa limekwenda wapi?" Kaka aliuliza.

Kaka akaegesha besi yake, akaenda mpaka kwenye amplifaya, akainama kuikagua.

"Hapa hujagusa. Iko juu vilevile nilivyoiacha. Basi ni kile kidole chako." Akajiinua. "Unadhani sikioni? Kila dada yangu akitaka kuimba, kidole chako kidogo kinateremka kwenye kitufe cha sauti cha gitaa. Akimaliza, unapandisha. Siku zote hizi nakutazama tu."

"Nimesikia, Kaka."

"Sijakwambia usikie, nimekuuliza. Kesho tunapiga kwenye ukumbi ambao hatujawahi kuota kuingia. Watu wanakuja kucheza, hawaji kubembelezwa. Mimi nataka moto, wewe unanipa majivu. Kwa nini?"

Kimya alimtazama Zumari, mara moja tu, kisha akatazama chini. Lakini Kaka aliliona lile jicho, na uso wake ukabadilika.

"Ahaa," alisema taratibu. "Kumbe bado ni mambo yaleyale."

Mpiga ngoma alijifanya anakaza parafujo ambayo haikuwa imelegea. Wote walijua mambo yaleyale ni yapi. Mwaka huo huo Kimya alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, akaenda nyumbani kwa Kaka kuomba ruhusa ya kuleta wazee wake. Hakumaliza hata soda aliyokaribishwa. Kaka alimwambia kwamba dada yake hataolewa na mwanamuziki, na alipoulizwa sababu alijibu, "Mimi mwenyewe ni mwanamuziki, najua tulivyo." Tangu siku ile Kimya na Zumari walikuwa wakitazamana kama watu wanaochungulia mwanga kupitia tundu la ufunguo.

"Nakwenda nje kupata hewa," Kaka alisema. "Nikirudi nitasema la kusema." Akamwashiria mpiga ngoma amfuate, na mlango ukafungwa kwa kishindo.

Ndani ikabaki sauti ya amplifaya tu, ule mvumo wake mdogo.

"Kwa nini humwambii?" Zumari alinong'ona. "Mwambie chochote. Mwambie uzi ulilegea."

"Nimwambie uongo?"

"Anataka kukufukuza. Hujamwona macho yake?"

Kimya alivuta kigoda, akakaa, akapakata gitaa. "Njoo hapa. Sikiliza."

Akapiga nyuzi zote kwa pamoja, na chumba kikajaa ule mngurumo mnene wenye makali. Halafu, bila kugusa amplifaya, akateremsha kitufe cha gitaa kidogo kwa kidole chake cha mwisho na kupiga tena vilevile. Makali yakaondoka.

"Mashine ni ileile," alisema. Zumari alishangaa kumsikia akizungumza maneno mengi hivyo kwa mpigo. "Moto wake ni uleule. Zile valvu nikizisukuma kwa nguvu zinaelemewa, ndipo zinaanza kukwaruza. Nikipunguza huku mwanzoni, zinapata nafasi ya kupumua, sauti inatakata. Nikipunguza kwenye amplifaya yenyewe inanyong'onyea, inakosa uhai. Kwa hiyo napunguza huku, mkononi."

"Najua. Nimekusikia ukifanya hivyo siku nyingi."

"Hujaniuliza kwa nini."

Zumari alitaka aondoke, akafungue mlango, akamwite hata mpiga ngoma aje asimame pale katikati yao, ili sentensi inayofuata isisemwe.

"Sauti yako inakwaruza," Kimya alisema. "Ilianza kidogo, nikadhani umechoka. Sasa naisikia hata ukiongea. Ukilazimika kushindana na gitaa langu unajiumiza, nami siwezi kusimama hapa nikakuumiza. Hiyo ndiyo sababu. Wewe hukutaka kuniambia, basi nikaona nami nisiseme."

"Ni mafua."

"Mafua gani ya kutoka msimu hadi msimu?"

Zumari akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kikohozi. Alijaribu kukizuia kwa kiganja. Kimya akaweka gitaa chini haraka, akasimama mbele yake na mikono imening'inia, akiogopa kumshika na akiogopa kutomshika.

"Nilikwenda hospitali," alisema Zumari alipopata pumzi. Maneno yalimtoka yakiwa yamekauka. "Peke yangu. Daktari wa koo aliingiza mpira wenye kamera, akaona kitu. Akakata kipande kidogo wakipime. Majibu yametoka. Wamenipigia simu niende, na mimi kila asubuhi navaa, nafika getini, nageuka."

Rangi ilimtoka Kimya usoni, na kumwona yeye akiogopa kulimtisha Zumari kuliko kikohozi chenyewe.

"Mama yetu alikufa kwa ugonjwa wa saratani ya koo," aliendelea. "Naye alikuwa mwimbaji. Ulianza hivihivi. Mwishoni alikuwa akiandika kwa kidole kwenye shuka akitaka maji. Mimi nilikuwa mdogo, sikujua kusoma vizuri, nilikuwa nakosea, namletea mto."

"Kaka hajui?"

"Akijua atakufa kabla yangu. Usimwambie. Niapie."

"Zumari."

"Niapie. Nipe kesho tu. Niimbe katika ule ukumbi mara moja, halafu nitakwenda."

"Na kama kuimba kesho ndiko kutakakokumaliza?"

Zumari alimkazia macho tu, macho yamejaa machozi, mpaka Kimya akainamisha kichwa.

"Haya," alisema. "Naapa. Ila ujue unaniapisha kitu kibaya."

Mlango ukafunguliwa, mwanga wa jua ukaingia pamoja na Kaka. Mpiga ngoma alibaki nje. Zumari alirudi nyuma hatua moja, kama mwizi. Kaka aliona, lakini safari hii hakukasirika. Alionekana mtu aliyekwisha kuamua, na utulivu huo ulikuwa mbaya zaidi.

"Funga vitu vyako," alimwambia Kimya. "Kuna kijana mwingine anayeweza kushika nyimbo zetu kabla ya kesho. Hapigi vizuri kama wewe, sikatai, lakini atapiga kwa sauti ninayoitaka. Amplifaya yako chukua. Hatugombani."

Zumari alingoja Kimya ajitetee. Sentensi moja tu ingetosha: dada yako anaumwa. Badala yake alimwona akizima swichi, akingoja valvu zipoe, akichomoa waya na kuukunja juu ya kiwiko chake, mzunguko baada ya mzunguko, kwa utaratibu uleule wa kila siku. Aliukosea waya, akaukunjua, akaanza upya. Alikuwa ameapa, na alikuwa anaondoka na kiapo chake.

Zumari aliogopa kusema, akaogopa kunyamaza. Kimya alikuwa ameshafika mlangoni na gitaa begani.

"Kaka, mwache," Zumari alisema.

"Wewe hili halikuhusu."

"Linanihusu mimi kuliko mtu yeyote. Anapunguza gitaa kwa sababu sauti yangu imeharibika. Nina kitu kooni."

Kaka hakusogea. Alibaki amesimama katikati ya chumba, mkono umenyooka kuelekea besi yake, kana kwamba amesahau alikuwa anataka kuishika au kuiacha.

"Kitu gani?"

"Sijui. Wamepima. Sijakwenda kuchukua majibu."

"Tangu lini?"

"Muda mrefu, Kaka."

Kaka akakaa juu ya sanduku la ngoma, polepole, kama mzee. Zumari alitegemea hasira. Alikuwa amejiandaa kwa hasira. Kaka akafunika uso kwa viganja, na sauti iliyotoka nyuma ya viganja hivyo haikuwa ya kiongozi wa bendi.

"Niliisikia sauti yako," alisema. "Nawe usidhani sikuisikia. Mimi nina masikio. Siku ile ya kwanza uliposhindwa kumaliza wimbo, nilisikia ule mkwaruzo, nikautambua. Ni uleule wa Mama. Mama aliniambia ni mafua, nami nikamwamini. Safari hii hakuna aliyeniambia kitu, basi nikajiambia mwenyewe kwamba ni mafua. Na kila nilipousikia tena, nikapandisha ile mashine, ili nisiusikie."

Nje seremala alikuwa akipiga randa, na sauti yake ikapenya trei za mayai, ikaja na kukatika.

"Huyu," Kaka alimwonesha Kimya kwa kidevu bila kumtazama, "alikuwa anakupunguzia, na mimi nilikuwa nakuongezea. Tazama sasa."

"Hukujua, Kaka."

"Nimekwambia nilijua." Akasimama ghafla, akajipapasa mifukoni akitafuta funguo. "Hospitali wanafunga saa ngapi?"

"Kesho baada ya onesho nita—"

"Hakuna onesho. Nitawapigia simu sasa hivi. Twende."

Zumari alitazama mlangoni. Kaka akaufuata mtazamo wake mpaka kwa Kimya, ambaye alikuwa bado amesimama pale na gitaa begani, hajui kama ni wa kuondoka au wa kubaki.

"Na wewe unangoja kadi ya mwaliko?" Kaka alimuuliza. "Weka hilo gitaa chini, tunakwenda."

Katika korido ya hospitali walikaa kwenye benchi la mbao, Zumari katikati. Kulikuwa na mwanamke aliyembeba mtoto mwenye homa, na mzee aliyekuwa akilala na kuamka. Muuguzi alipita akiburuta viatu, na kila alipotokeza kwenye kona Zumari alidhani jina lake litaitwa. Kaka alitikisa goti bila kukoma. Alijaribu kusimulia kisa cha mpiga ngoma aliyewahi kusinzia katikati ya harusi ya watu, akafika nusu, akasahau kinavyoishia.

"Alianguka na ngoma zake," Kimya alimmalizia.

"Eeh. Alianguka nazo," alisema Kaka, na hakuna aliyecheka.

Walipoitwa, Zumari hakuinuka. Kaka akamshika mkono, akamwinua. Kimya akabaki amekaa, maana hakuwa ndugu, mpaka Kaka alipogeuka na kumwambia kwa ukali wa bure, "Sasa wewe umeganda nini?" Wakaingia wote watatu.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Aliwatazama mmoja mmoja, akaivaa miwani yake, akafungua faili. Zumari hakuweza kumwangalia usoni. Aliangalia kalenda ukutani, tarehe zikaungana zote zikawa kitu kimoja cheusi.

"Ulituchelewesha, binti," daktari alisema. "Nilianza kuogopa umekwenda kwa waganga." Akageuza karatasi. "Sio saratani."

Kaka alitoa sauti ambayo Zumari hakuwahi kuisikia ikitoka kwake, kitu baina ya kikohozi na kilio.

"Ngojeni, sijamaliza," daktari aliendelea. "Ni kivimbe kwenye nyuzi za sauti. Umekilea mwenyewe kwa kupiga makelele juu yake. Kimekua, na lazima kitolewe. Kabla ya hapo na baada ya hapo, nataka ukimya. Sisemi uzungumze polepole. Nasema usitoe sauti kabisa, na kunong'ona pia hapana, kunong'ona ndiko kunakochosha zaidi. Kuanzia sasa."

Zumari akafungua kinywa kuuliza. Daktari akainua kidole.

"Najua unachotaka kuuliza. Kama utaimba tena. Sitakudanganya, sijui. Huenda sauti ikarudi kama ilivyokuwa, huenda ikarudi nyingine. Tutaijua tukifika."

Walipotoka nje, jua lilikuwa bado juu na wauza matunda walikuwa wakiita wateja langoni. Zumari alisimama kando ya ukuta wa hospitali akijaribu kupata furaha aliyoitarajia. Atakuwa hai. Alilirudia neno hilo kichwani. Lakini nyuma yake likaja swali jingine, na lilikuwa na meno: ni nani yeye, kama si Zumari? Nani atamtazama mwanamke aliyewahi kuwa na sauti? Hofu ile kubwa ilikuwa imeondoka na kumwachia hii ndogo, na hii hakuweza hata kumwambia mtu.

Kimya alikuja akasimama mbele yao. Alimtazama Kaka, si Zumari.

"Kaka, nina maneno."

"Wewe? Leo umezungumza kuliko mwaka mzima."

"Nilikuja kwako mara ya kwanza ukanikatalia. Nakuja tena. Simtaki kwa sababu anaimba. Hata asipotoa sauti tena mpaka tuzeeke, namtaka. Naomba niwalete wazee wangu."

Kaka alionekana kutafuta ile sababu yake ya zamani na kuikosa.

"Mwenye jibu si mimi," alisema mwishowe. "Muulize mwenyewe. Na wewe," alimgeukia dada yake, "ukithubutu kutoa sauti nakurudisha kwa daktari sasa hivi."

Zumari alikuwa na mengi ya kumwambia. Alitaka kumwambia kwamba anaogopa kisu cha daktari, anaogopa kuamka na kukuta koo tupu, anaogopa siku moja Kimya atachoka kuishi na mtu asiye na wimbo. Yote yalimjaa kinywani na hakuruhusiwa hata moja. Akanyoosha mkono, mbele ya kaka yake, mchana kweupe, watu wakipita, akaushika mkono wa Kimya. Hakuwahi kuushika kabla ya hapo. Ncha za vidole zilikuwa ngumu kwa miaka ya nyuzi.

Kaka aligeuza uso upande wa barabara, akajishughulisha na kutafuta funguo alizokuwa amezishika.

"Waje Jumapili," alisema huku amewapa mgongo. "Ila uwaambie mapema kwamba bibi harusi hasemi, wasije wakadhani ni adabu yake. Sitaki waseme nimewauzia mbuzi kwenye gunia."

Zumari akataka kucheka, akakumbuka, akauma mdomo. Mabega yakamtikisika bila sauti, machozi yakamshuka, na Kimya akaukaza mkono wake, kwa sababu hakuweza kujua kama anacheka au analia, na yeye mwenyewe hakujua.